Acheni Kumwambia Mzee Ajikaze

"Mwanaume hujikaza." Kauli hii tumeizoea, na anayeumia nayo kuliko wote ni mzee wa miaka sitini au sabini aliyetolewa kinyama cha tezi dume kupimwa saratani, akaambiwa arudi nyumbani asubiri majibu. Ni kauli ya uongo, tena ya kikatili.

Madaktari wa patholojia nchini ni wachache, kwa hiyo kinyama hicho mara nyingi husafirishwa hadi hospitali kubwa, na majibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Usiku mzee anaamka kukojoa, na kila akiamka, wazo ni lile lile. Watoto wametuma pesa ya vipimo kwa simu, wanaona wametimiza wajibu. Mkewe kaambiwa ni mgongo. Kijiweni ndiyo kabisa hasemi, maana huko tezi dume ni kichekesho cha kidole cha daktari. Ni wangapi wamefika hospitali saratani imeshaingia mifupani kwa kuogopa vicheko hivyo, ilhali siku hizi uchunguzi huanza kwa kipimo cha damu kiitwacho PSA?

Wanaotetea kujikaza husema ukimzungumzisha mzee utamtia hofu. Hofu anayo tayari! Hana wa kumweleza kwamba PSA hupanda pia kwa maambukizi, au kwa tezi kukua tu kwa sababu ya umri. Kwamba kati ya wanaume wenye PSA ya 4 hadi 10, takriban mmoja katika wanne ndiye hukutwa na saratani. Na ikikutwa? Askofu Desmond Tutu aligundulika mwaka 1997, akafariki 2021 akiwa na miaka 90.

Hofu hii si ya kubezwa. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa katika wiki ya kwanza baada ya mtu kuambiwa ana saratani, hatari ya kujiua na ya kufa kwa maradhi ya moyo hupanda sana. Huyo ndiye tunayetaka aipokee habari akiwa peke yake?

Basi aulizwe: "Baba, usiku unawaza nini?" Kisha asikatizwe kwa "Mungu mkubwa, yatapita." Atataja mpira wa mkojo, atataja shamba lisilo na hati. Nguvu za kiume hatazitaja mbele ya mwanawe, na asilazimishwe. Kwa hilo atafutiwe wa rika lake aliyekwisha kuugua na kutibiwa. Siku ya majibu asiende na bodaboda peke yake. Akiridhia, mtu aingie naye kwa daktari, kwa kuwa aliyeshtuka husikia nusu ya maneno. Na hospitali zisimruhusu kuondoka baada ya kutolewa kinyama bila tarehe ya majibu na namba ya simu ya mhudumu atakayepokea akipiga.