Kura Iliyoshindwa Nayo Ihesabiwe

Wananchi wenzangu wa Meru na Embu,

Tarehe 27 Novemba 2025 watu wa Mbeere Kaskazini walimchagua mrithi wa mbunge wao, Geoffrey Ruku, aliyekuwa ameteuliwa waziri. Leo Wamuthende wa UDA alipata kura 15,802, Newton Karish wa DP akapata 15,308. Kura 494 tu. Sina ugomvi na mshindi, kwa maana sheria inampa kiti yeyote aliyetangulia, hata kwa kura moja. Ugomvi wangu ni na sheria yenyewe. Wale zaidi ya 15,000 waliompigia Karish walipanga foleni Siakago na Ishiara kama wenzao, lakini matokeo yalipotangazwa kura zao hazikuzaa chochote Bungeni.

Tazameni pia uchaguzi wa 2022. Meru ina maeneo bunge tisa, Embu manne. Viti vyote 13 vilikwenda kwa wanaume. Si kwamba wanawake wa huku hawawezi: Cecily Mbarire aliwahi kuwa mbunge wa Runyenjes, na mwaka huohuo wa 2022 Embu ilimpa ugavana. Lakini kiti kikiwa kimoja, kila chama hutafuta mtu mmoja mwenye pesa na jina, na mara nyingi huyo ni mwanamume. Ndiyo maana kanuni ya jinsia, kwamba wabunge wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili, imetushinda tangu Katiba ya 2010, mpaka Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akashauri Bunge livunjwe mwaka wa 2020. Halikuvunjwa.

Mtaniambia tayari tuna wabunge 12 wa kuteuliwa kwa uwiano. Someni Kifungu cha 90 kwa makini. Viti hivyo hugawanywa kwa kufuata idadi ya viti ambavyo chama kimeshinda, si idadi ya kura kilizopata. Aliyeshinda hapo awali huongezewa, na aliyepata kura nyingi bila kiti hubaki mikono mitupu. Jirani zetu Tanzania, hata kwa kasoro zao, hugawa viti maalumu vya wanawake kwa kufuata kura za vyama.

Ninachoomba si kumwondoa mbunge wa eneo. Abaki Igembe, abaki Manyatta, tumjue na tumdai. Kando yake viwekwe viti vya kanda, Meru, Tharaka Nithi na Embu zikiwa kanda moja, vigawanywe ili jumla ya wabunge wa kila chama ilingane na kura zake. Mkulima wa muguka Mbeere na mwenye miraa Maua wangeweza kuunganisha kura zao na kupata mtu wao. Wazo hili si geni: tume ya marekebisho ya Katiba chini ya Yash Pal Ghai ilipendekeza mfumo mseto wa aina hii mwaka wa 2002.

Najua hofu yenu kubwa, kwamba orodha za wagombea wa viti hivyo vya kanda zitauzwa na wenye vyama jijini Nairobi. Ni hofu ya haki, kwani tumeona majina ya ajabu yakiteuliwa. Basi tudai orodha ya wazi, ambapo mpiga kura mwenyewe anachagua jina ndani ya orodha ya chama. Bila sharti hilo, mimi mwenyewe nitapinga.

Uwakilishi wa kila upande si mgeni kwetu: Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, haikai kwa niaba ya Wameru ikiwa na wazee wa Imenti peke yao. Igembe na Tigania huwa na watu wao. Ni baraza la wanaume, na hapo Bunge letu lazima lilipite.

Kifungu cha 257 kinaturuhusu kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa sahihi za wapiga kura milioni moja, kisha mswada uidhinishwe na mabunge ya kaunti yasiyopungua 24 kabla ya kufika Bungeni. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Tuanze na ombi hilo. Vyama vya akina mama, vikundi vya bodaboda, vyama vya ushirika vya kahawa, makanisa na misikiti: andikeni, sainini, pelekeni. Mwiteni MCA wenu kwenye baraza, mmuulize mbele ya watu kama ataunga mkono mswada ukifika Meru au Embu, na jibu lake liandikwe. Wagombea wa Agosti 2027 wameshaanza kuzunguka vijijini kuomba kura. Kabla ya kuwaahidi zenu, waulizeni wataifanyia nini kura ya jirani yenu aliyeshindwa.