Atakayefukia Shimo ni Nani?



Mtu akichimba shimo shambani mwake atalifukia mwenyewe, maana ng'ombe atakayetumbukia ni wake. Lakini shimo likichimbwa na kampuni, atakayelifukia ni nani? Kibarua hana amri, karani hana fedha, na mwenye hisa huenda anakaa mbali wala hajaliona. Jibu ni moja: ni wale wakuu wanaotoa amri. Wao wakinyamaza, shimo litabaki.

Tazameni mfano wa Bamburi, karibu na Mombasa. Kiwanda cha saruji cha huko kilianza kazi mwaka 1954. Saruji hutokana na mawe ya chokaa, nayo yalichimbwa hata pakabaki uwanja mweupe usio na udongo, na maji ya chini yake yana chumvi. Mwaka 1971 wakuu wa kampuni walimpa Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, kazi ya kupafufua mahali hapo. Alijaribu miti ya aina 26, zikashika aina tatu tu: mvinje, mnazi, na damasi, ambao asili yake ni kwa jirani zetu wa Somalia. Majani ya mvinje yalianguka lakini hayakuoza. Basi wakaletwa majongoo, wakayala, na mavi yao yakawa mbolea. Udongo ukapatikana, ikafuata miti mingine, kisha samaki, ndege na pofu. Leo mahali hapo huitwa Haller Park, na wageni hulipa kiingilio ili wapatazame.

Sasa angalieni tarehe. Sheria kuu ya mazingira ya Kenya ilitungwa mwaka 1999, na kazi ile ilikwisha kuitangulia kwa miaka 28. Wakuu hawakungoja kushurutishwa. Waliteua mtu, wakampa mamlaka, kisha wakamvumilia ingawa aina 23 za miti yake zilikufa.

Wengine watasema ya kuwa saruji bado huchafua hewa. Ni kweli: jiwe la chokaa likichomwa hutoa gesi ya ukaa, na msitu mmoja haufuti deni hilo. Ndiyo sababu kazi ya mkuu haiishi siku ya kupanda mti. Mwaka 2024 kampuni ya Bamburi ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania. Wenyewe wamebadilika, lakini wajibu juu ya machimbo haukubadilika.

Wengine watasema, "Sisi si kampuni." Hapana, ndugu zangu. Chama cha ushirika ni kampuni ya wanyonge, na kamati ya maji vile vile. Hapa Griftu, katika Wajir, twajua ya kuwa kisima kirefu kikiachwa wazi mwaka mzima, mifugo hujazana na nyasi huisha pande zote. Ukame ukija, maji yapo lakini malisho hayapo. Kamati yenye msimamo hukifunga wakati wa mvua za Gu, mifugo ikanywe mabwawani, na nyasi zipumzike. Amri hiyo haipendwi siku inapotolewa. Faida yake huonekana wakati wa kiangazi.

Na ninyi wenye mashamba ya kumwagilia maji mwajua ya kuwa mfereji wa kutolea maji ukizibwa na tope, chumvi hupanda juu na mazao hudhoofika. Mwenyekiti anayegawa faida yote mwisho wa mwaka hupigiwa makofi, kumbe amegawa na fedha za kuzibua mfereji.

Kwa hiyo, katika mkutano mkuu ujao, kabla ya kupiga kura, yafaa mwulize maswali matatu. Ni nani aliyepewa kazi ya kutunza ardhi na maji, kwa jina lake? Ni shilingi ngapi zitawekwa kando kwa kazi hiyo kabla ya faida kugawanywa? Na je, jambo hilo limeandikwa katika kitabu cha mkutano?

Wala msikubali kuambiwa, "Tutaangalia." Kiongozi mwema atajibu kwa jina na kwa hesabu. Asiyeweza kujibu, mshukuruni kwa kazi aliyoifanya, kisha mchagueni mwingine.