Wastani Pekee Hautoshi kwa Takwimu za Wagonjwa Wachache

Tafiti nyingi za zahanati na wodi huanza na rejesta yenye wagonjwa wachache: saba, kumi na wawili, pengine thelathini. Uchache huo si aibu. Kosa ni kuzieleza takwimu hizo kana kwamba zimetokana na maelfu ya watu.

Mfano wa kubuni unatosha kulidhihirisha kosa hilo. Wagonjwa saba walilazwa kwa siku 2, 3, 3, 4, 4, 5 na 35. Jumla ni siku 56. Zikigawanywa kwa 7, wastani ni siku 8. Hata hivyo, sita kati yao waliruhusiwa ndani ya siku 5, na hakuna hata mmoja aliyelazwa siku 8. Mgonjwa anayeambiwa ajiandae kwa siku 8 huenda akakopa fedha au akaahirisha matibabu bila sababu. Mediani, yaani thamani ya katikati baada ya tarakimu kupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, ni siku 4. Hiyo ndiyo inayoeleza hali ya walio wengi.

Mkengeuko sanifu, unaopima mtawanyiko wa tarakimu kutoka kwenye wastani, nao unakaribia siku 12. Kuandika "siku 8, ongeza au punguza 12" ni kudokeza kuwa wapo waliolazwa kwa siku pungufu ya sifuri. Ni afadhali kuandika mediani pamoja na thamani ya chini na ya juu: siku 4, kuanzia 2 hadi 35.

Wapo wanaopendekeza kuifuta ile 35 ili hesabu ipendeze. Pendekezo hilo halifai. Kwanza faili la mgonjwa likaguliwe, kwani huenda mwandishi alikosea. Ikithibitika kuwa ni sahihi, ibaki. Huyo ndiye mgonjwa aliyeteseka kuliko wote, na kisa chake kinastahili maelezo.

Asilimia nazo zina mtego wake. "Asilimia 75 walipona" husikika kama ushahidi mzito, kumbe ni watu 3 kati ya 4. Idadi kamili haina budi kuandikwa kando ya kila asilimia.

Hatari zaidi ni sifuri. Dawa ikitolewa kwa wagonjwa 30 na asipatikane aliyedhurika, haifai kutangazwa kuwa haina madhara. Kanuni inayofahamika ya kugawanya 3 kwa idadi ya wagonjwa huonesha kuwa madhara bado yanaweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10.

Hesabu hizi zinahitaji kalamu na karatasi tu. Mhudumu wa afya azifanye kabla ya kufungua kompyuta, na mgonjwa asione haya kuuliza: "Ni wangapi, kati ya wangapi?" Jibu la swali hilo ni haki yake.