Magari ya umeme: Vituo vipangwe kwa milima, si kwa kilomita

Mdogo wake mama yangu alizikwa nje kidogo ya mji wa Eldoret, Jumamosi moja ya msimu wa mvua uliopita, saa saba mchana. Sisi tuliondoka hapa Njoro saa mbili asubuhi, watu wanne ndani ya gari la umeme la mpwa wangu, tukitumaini kufika saa tano. Tulifika saa tisa kasorobo. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa na waombolezaji walikuwa wakinawa mikono. Mama, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kupanda matatu, hakuuona uso wa mdogo wake.

Ndugu msomaji, siandiki haya kulilaani gari la umeme. La hasha. Gari lenyewe halikuharibika hata sekunde moja. Lililoharibika ni hesabu, na hesabu hiyo haikukosewa na mpwa wangu peke yake.

Mpwa wangu aliwasili kutoka Nairobi Ijumaa saa kumi na mbili jioni, betri ikiwa imebaki na humusi moja. Gari lake ni la mtumba kutoka Japani, kama yalivyo mengi humu nchini, na betri yake ilikuwa ya uniti 40 lilipokuwa jipya. Sasa, kwa uzee, hubeba takriban uniti 34. Akaliunganisha na soketi ya jikoni, ambayo hutoa uniti 2 na ushei kwa saa, akakadiria kwamba kufikia mapambazuko litakuwa limeshiba. Saa saba usiku mvua iliangusha mti juu ya nyaya, na kijiji kizima kikawa giza. Asubuhi chaji ilikuwa asilimia 63. Kioo cha gari kilituambia kwamba zimebaki kilomita 150. Kutoka Njoro kupitia Elburgon, Molo na Mau Summit hadi Eldoret ni kama kilomita 145.

“Mjomba, tutafika hata na akiba,” aliniambia.

Kile kioo hakisemi uongo, lakini hakijui jiografia. Hukadiria kesho kwa mwenendo wa jana. Jana yake gari lilikuwa limesafiri kutoka Nairobi, likapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha likateremka hadi Naivasha, karibu mita 1,900, na kurudishiwa sehemu ya lile deni. Leo lilikuwa linaondoka Njoro, penye zaidi ya mita 2,100, kwenda Timboroa, penye zaidi ya mita 2,700. Ni mahali palipo juu mno kiasi kwamba kituo cha reli cha hapo kilitajika kwa urefu wake katika nchi zote za Jumuiya ya Madola.

Naomba tufanye hesabu ndogo ambayo mwanafunzi yeyote wa fizikia wa kidato cha tatu anaiweza. Kuliinua gari lenye uzito wa tani 2, pamoja na abiria wake, mita 100 kwenda juu hutumia zaidi kidogo ya nusu uniti ya umeme. Katika barabara tambarare, uniti moja hulisukuma gari kama hilo kilomita 6 hivi. Kwa hiyo kila mita 100 za kupanda ni sawa na kuongezewa kilomita 3 au zaidi ambazo hazimo katika ramani. Kutoka Njoro hadi Timboroa, kilima peke yake kilitudai kama kilomita 20. Ongeza baridi ya Molo, kipasha joto tulichomwashia mama, lami iliyolowa na mabonde madogo yasiyohesabika, na utaelewa kwa nini tulifika Mau Summit na asilimia 33, na Timboroa na asilimia 12.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonishangaza. Kutoka Timboroa barabara huteremka. Mpwa wangu aliacha kukanyaga kichapuzi, na mota ile ile iliyokuwa ikila umeme ikaanza kuuzalisha. Zaidi ya kilomita 20 hadi Burnt Forest zilitutoza asilimia 4 tu. Jambo hili si geni katika bonde letu. Kabla reli ya Uganda haijakamilishwa kwenye ukingo wa Kikuyu, wajenzi waliteremsha mabehewa kwa kamba, na behewa lililoshuka na shehena likasaidia kulivuta juu jingine lililokuwa tupu. Gari la umeme hufanya hivyo hivyo, ila linajivuta lenyewe, na kamba yake ni betri.

Tafadhali nisindikize kidogo hadi Salgaa, kwa kuwa hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mkenya yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Mau Summit kwenda Nakuru anaujua mteremko huo na anaogopa kuutaja usiku. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea kwa moto wa lori la mafuta lililopinduka. Migaa, usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 walikufa basi lilipogongana na lori. Kila mkasa una sababu zake, lakini kuna tabia moja ambayo wakazi wa sehemu hizo wameilalamikia miaka nenda miaka rudi. Madereva wa malori hufungua gia na kuliacha gari lijishukie lenyewe ili kuokoa dizeli. Kasi inapozidi, hukimbilia breki. Breki hupata moto, hulegea, na lori huwa halina mwenyewe.

Dereva wa dizeli, kwa maneno mengine, huadhibiwa na mfuko wake akishuka kwa uangalifu. Dereva wa umeme hulipwa. Kadiri anavyolizuia gari kwa mota, ndivyo betri inavyojaa na ndivyo breki zinavyobaki baridi. Kadhalika, hewa nyepesi ya milimani, ambayo huipunguzia injini ya kawaida nguvu zake karibu robo pale Timboroa, haiidhuru mota ya umeme hata kidogo. Sijui teknolojia nyingine inayolifaa zaidi bonde letu, iwapo tutaitandikia mazulia yanayostahili.

Lakini kuna sharti. Betri iliyojaa pomoni haina mahali pa kuweka umeme wa mteremko. Ukilijaza gari hadi asilimia 100 pale Mau Summit kisha ukashuka kuelekea Nakuru, ile mota haitaweza kukuzuia kama inavyopaswa, na utarejea kwenye breki kama dereva yeyote wa dizeli. Kwa hiyo mahali pa kujenga kituo kikubwa cha kuchaji ni chini ya mlima, si kileleni. Anayekwenda magharibi ahudumiwe Nakuru, Njoro au kabla tu ya Salgaa, akiwa bado na nguvu za kupanda. Kileleni panatosha chaja ndogo ya kumwokoa aliyekwama.

Nalisema hili sasa kwa sababu wakati wake ni sasa. Mnamo Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit, zaidi ya kilomita 170, na tumekwisha kuelezwa kwamba watakaoitumia watalipa ada. Barabara ikichimbuliwa, kuzika nyaya na kutenga viwanja vya vituo ni kazi rahisi. Ikishamwagwa lami, itakuwa kazi ya kuibomoa. Sijasikia mahali popote wananchi wakielezwa vituo vya kuchaji vitakaa wapi. Nina hofu kwamba vitagawanywa kwa rula, kila baada ya kilomita kadhaa, au vitafuata maduka makubwa na hoteli ambako wateja hunywa kahawa, ilhali mlima haujui rula wala kahawa.

Mababu wa reli waliyaelewa haya. Njia iliyopita hapa Njoro na kufika Kisumu mwezi Desemba 1901 ilikuwa ya injini za mvuke, na injini za mvuke zilikuwa na kiu. Wahandisi hawakuweka matangi ya maji kwa kupima umbali peke yake. Walitazama mwinuko, mzigo na mahali penye mito, kwa sababu treni iliyokauka maji katikati ya Mau haikuweza kusukumwa na mtu.

Na umeme tunao. Olkaria, kule Naivasha, imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke wa ardhini tangu 1981, na leo nchi hii ina zaidi ya megawati 900 za aina hiyo. Menengai, juu ya mji wa Nakuru, mtambo wa kwanza wa megawati 35 ulianza kazi 2023. Nyaya nene zinazotoka Olkaria kwenda Lessos na Kisumu zinapita katika ukanda huu huu wetu. Usiku wa manane, Wakenya wakiwa wamelala, matumizi hushuka hadi sehemu ya mvuke ikaachiliwa hewani bure. Mvuke huo ungetosha kuyashibisha magari, na serikali yenyewe imekubali jambo hilo kwa kutoza nafuu umeme wa kuchaji magari tangu 2023, na nafuu zaidi saa za usiku. Nafuu ya bei ni jambo la kushukuru. Lakini bei nafuu ya kitu kisichofika kijijini ni hadithi ya sungura na ndizi mbivu.

Wauzaji wa magari nao wana la kujibu. Mpwa wangu aliambiwa gari lake huenda kilomita 240. Hakuelezwa kwamba hizo ni za betri changa, katika tambarare, bila mvua, bila nyanya wa miaka 84 anayehitaji joto. Lori huandikwa ubavuni uzito linaoruhusiwa kubeba. Sioni ubaya wa muuzaji kulazimishwa aandike kilomita za mlimani kando ya zile za tambarare. Tena mamlaka zikubaliane kuhusu plagi. Magari ya Kijapani, ya Kichina na ya Kizungu hayachaji kwa mdomo mmoja, na kufika kituoni ukakuta mdomo usio wako ni sawa na kutofika.

Burnt Forest tulikuwa na asilimia 8 na zaidi ya kilomita 30 mbele yetu. Mke wangu alipanda matatu akatuwakilisha. Tukatafuta teksi kwa ajili ya mama, na teksi zote zilikuwa zimekodiwa na waombolezaji wengine. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alichomoa mashine yake, akatupa soketi, akamletea mama kiti na chai, naye akakaa bila kazi saa tatu nzima akitusubiri. Mama hakulalamika. Aliuliza saa mara mbili tu, na baada ya saa saba hakuuliza tena.

Tulipomaliza nilimpa fundi shilingi 500. Akarudisha 200, akasema umeme wenyewe hauwezi kufika hata 300. Kisha akaniuliza kitu ambacho nimekuwa nikikifikiria tangu siku hiyo.

“Mzee, nikiandika kibao hapa mlangoni kwamba nachaji magari ya stima, nitashikwa?”

Nilimwambia kwamba kuuza umeme ni biashara inayosimamiwa na Sheria ya Kawi ya 2019 na kwamba angeulize ofisi za EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli. Akacheka, akachomeka mashine yake, akavaa miwani yake myeusi, akaendelea na lango alilokuwa akilichomelea. Kibao hakijawekwa. Nilipita hapo tena wiki mbili baadaye, safari hii kwa matatu.