Shamba Dogo Ndilo Linalohitaji Miti



Mara nyingi tunawasikia wazazi wakisema kuwa mwenye kipande kidogo cha ardhi hana nafasi ya kupanda miti. Hapa Burundi, na kwa jirani zetu wa Rwanda, mashamba mengi hayafiki hata hekta moja, kwa hiyo hofu hiyo tunaielewa. Lakini sisi tunaona kinyume: shamba likiwa dogo na liko kwenye mteremko, ndipo linapohitaji miti zaidi.

Hatusemi mti wowote. Mkaratusi kando ya mboga ni adui, kwani hunywa maji yote. Tunasema miti ya jamii ya kunde kama kaliandra, ambayo mizizi yake, ikisaidiwa na bakteria, hupata naitrojeni kutoka hewani. Hupandwa kwa mistari inayokingama mteremko, mita 4 hadi 6 kati ya mstari na mstari, na katikati hukaa lengalenga, kabichi, vitunguu na maharage. Kabla ya kupanda mboga, miti hukatwa ibaki kimo cha kiuno, na majani hutandazwa juu ya udongo yaoze. Mvua kubwa ikija, udongo hushikwa na mstari badala ya kuteremka bondeni. Na matawi? Hayo ni vijiti vya maharage yanayotambaa juu, ambavyo watu wetu huvinunua sokoni! Majani mengine ni ya mbuzi, na samadi yake inarudi shambani. Anayetaka kuacha mbolea ya viwandani basi aanze na miti, mboga zifuate.

Tusifichane, njia hii ina taabu zake. Watafiti wa IITA huko Ibadan, Nigeria, waliijaribu tangu miaka ya 1970, na haikufaa kila mahali. Penye ukame miti iliinyang'anya mimea maji, na wakulima wengi walichoshwa na kazi ya kukata matawi. Mlusina nao, uliosifiwa sana, ulivamiwa na wadudu walioingia Afrika Mashariki mwaka 1992. Ndiyo sababu hatupendi shamba zima liwe la mti wa aina moja.

Kwa hiyo familia isiyo na mikono ya kukata matawi mara kadhaa kwa mwaka, isijaze mistari katikati ya mboga. Iipande miti hiyo mpakani tu. Vijiti na chakula cha mbuzi vitapatikana hata hapo.