Anwani ya biashara isibaki mikononi mwa fundi

UVIRA – Mfanyabiashara anayekimbia vita hubeba watoto, kitambulisho, simu na pesa kidogo alizo nazo. Duka linabaki, depo inabaki. Kitu kimoja cha biashara kingeweza kumfuata popote bila kubebwa kichwani: anwani yake ya barua pepe, pamoja na bei, hati za forodha na ahadi za wadeni zilizomo. Lakini kuna wengi ambao anwani hiyo nayo inabaki nyuma, kwa sababu iliandikishwa kwa jina la fundi aliyeifungua.

Kwa mji huu jambo hili ni zito. Bukavu ilichukuliwa na M23 Februari 2025, na Desemba mwaka huo huo waasi hao wakaingia Uvira pia. Makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Burundi. Kabla ya hapo, Aprili 2020, mafuriko yalibomoa nyumba nyingi mjini. Kompyuta iliyoachwa ofisini au iliyolowa maji hupotea na barua zote zilizokuwa humo peke yake. Mtu aliyeagiza mzigo kutoka Kigoma au Dubai upite bandari ya Kalundu, atathibitisha vipi kwamba alilipa?

Ndiyo maana wengi sasa wanataka kuhamisha barua pepe zao kwenye kampuni nyingine ya seva. Ni uamuzi mzuri, ila wajue kwanza wanahamisha nini. Jina la domeni, yaani maneno yanayofuata alama ya @, ni kama namba ya simu: laini ikiandikishwa kwa jina la mtu mwingine, huyo ndiye mwenye neno la mwisho. Seva ni kama chombo cha simu, kinaweza kubadilishwa wakati wowote. Barua ni kama majina na ujumbe vilivyohifadhiwa ndani ya chombo. Usipovihamisha, vinabaki kule. Mafundi wengi huuza vyote vitatu kwa bei moja, na mteja hapewi karatasi yoyote.

Hatua ya kwanza basi ni kudai jina. Domeni iandikishwe kwa jina la biashara, ushirika au shule yenyewe, na neno la siri lijulikane na viongozi wawili angalau. Kwa majina ya .com na .org, kuhamisha usajili kunahitaji msimbo maalumu kutoka kwa msajili wa zamani, na jina lililosajiliwa karibuni kwa kawaida halihami kabla ya siku 60. Asiyelipa ada ya mwaka anaweza kulipoteza kabisa. Na anayelichukua baada yake anaweza kuwaandikia wateja wa zamani akiomba malipo, nao wakaamini.

Baada ya jina, ni utaratibu. Masanduku yote ya barua yafunguliwe kwenye seva mpya kabla ya kugusa kitu kingine. Sababu ni hii: seva isipopatikana, barua nyingi husubiri na kujaribu tena hata siku nne au tano. Lakini seva ikijibu kwamba sanduku halipo, barua inarudishwa kwa mtumaji papo hapo. Kisha barua za zamani zinakiliwa kwa njia ya IMAP, ambayo huziacha pia kwenye seva. Njia ya POP mara nyingi huzishusha kwenye kompyuta moja na kuzifuta kule. Ndipo kielekezi cha barua, ambacho mafundi huita MX, kinabadilishwa. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea, na wakati huo barua nyingine bado zitafika kwa mwenyeji wa zamani.

Hapo ndipo wengi huharibu. Ili kuokoa dola chache, wanafunga akaunti ya zamani siku ile ile. Kongo yenyewe iliwahi kuhama kwa subira zaidi: Zaire ilipobadili jina mwaka 1997, majina ya intaneti ya .zr yakapisha .cd, lakini .zr iliondolewa mwaka 2001 tu. Duka la Mulongwe halihitaji miaka minne. Wiki mbili au tatu za kulipia pande zote mbili zinatosha.

Pia seva mpya itajwe kwenye orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo, iitwayo SPF. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji. Asiyefanya hivyo ataandika barua zisizofika, akidhani mteja amemdharau.

Wengine watasema Gmail ni ya bure na inatosha. Kwa mama anayeuza ndakala peke yake, kweli inatosha. Kwa ushirika wenye wanachama mia, akaunti ya bure iliyofunguliwa kwa simu ya katibu ni hatari ile ile: katibu akikimbilia upande mmoja na laini yake ikazimika, msimbo wa kuingilia haufiki kwa mtu yeyote. Ndiyo maana misimbo ya akiba iandikwe kwenye karatasi na ibebwe pamoja na vitambulisho.

Sheria ya Kidijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu kuhusu maandishi ya kielektroniki. Barua pepe basi si mazungumzo ya hewani. FEC na mashirika ya kiraia ya Uvira wangefanya kazi ya maana kwa kuandaa mkataba mfupi wa kurasa mbili, unaosema domeni ni ya nani, nani ana maneno ya siri, na fundi atakabidhi nini mteja akihama. Fundi mwaminifu hatakataa kutia sahihi. Anayekataa, mteja amwulize kwa nini, na aulize leo wakati bado wako mji mmoja.