Picha Peke Yake Haifundishi Kihindi

MAONI YA JUMA
Na Athumani wa Kuze

Vijana wetu wanaojiandaa kwenda kusoma Delhi, na jamaa wanaowasindikiza wagonjwa wao kutibiwa huko, aghalabu hushauriwa siku hizi wanunue programu ambayo, pasipo mwalimu wala kamusi, huahidi kumfunza mtu mzima Kihindi kwa njia ileile ambayo mtoto mchanga hupatia lugha ya mama yake: picha huonyeshwa, sauti ikasikika, mwanafunzi akachagua, na lugha yake mwenyewe isipewe idhini ya kuingia hata kwa neno moja. Iliyo mashuhuri katika aina hii ni Rosetta Stone, ambayo asili yake ni kampuni iliyoundwa Marekani mwaka 1992.

Sikatai kwamba njia hii ina manufaa, hasa kwa sikio. Kihindi hutenga sauti nne pale ambapo abjadi yetu ina T moja tu: ulimi hugusa meno, au hujikunja nyuma kuelekea kaakaa, na kila moja ya hizo mbili hutamkwa ama kavu ama kwa pumzi. Lakini mtu wa Mvita, ambaye tangu utotoni hupambanua paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi ya ile P, na ambaye T yake ya meno siyo T yake ya ufizi, amekwisha kuzaliwa na sehemu kubwa ya elimu hiyo; na programu, kwa kuwa imejifungia mlango wa lugha yake, haina namna ya kumjulisha utajiri alio nao.

Hapo ndipo ninapokhitilafiana nayo. Mvulana anapokula mkate, Wahindi husema *larka roti khata hai*, na kitendo hufuata jinsia ya mvulana. Akishakula, husema *larke ne roti khai*: mvulana ameongezewa kijineno *ne*, na kitendo kimemwacha yeye kikaufuata mkate, ambao kwao ni wa kike. Picha ya mvulana anayetafuna, na nyingine ya sahani tupu, haziwezi kulieleza jambo hili hata zikirudiwa usiku kucha, na mwanagenzi huishia kukariri asichokifahamu. Ilhali lau angeambiwa kwa Kiswahili kwamba kitendo hapa hushikamana na kilicholiwa, mfano wa sisi tusemapo “mkate umeliwa”, ambapo ile U ni ya mkate wala si ya mlaji, angeupata mlango wa kuingilia papo hapo, hata kama kanuni hizo mbili hazilingani kwa kila hali.

Kadhalika adabu. Kihindi kina maneno matatu ya “wewe”, *tu*, *tum* na *aap*, na mgeni atakayemwambia daktari wa makamo *tu* amemvunjia heshima. Picha ya watu wawili waliosimama haisemi nani wa kuamkiwa na nani.

Mtoto mchanga ana miaka ya kukosea na mama wa kumsahihisha mchana kutwa. Mtu mzima ana saa moja baada ya kazi, na badala ya miaka ile amejaaliwa akili ya kulinganisha, ambayo kumnyang’anya ni dhuluma. Nawasihi basi waanze na herufi za Devanagari, ambazo wanazuoni wa kale wa Bara Hindi walizipanga kwa mahali pa kutamkia, tangu K na wenzake huko nyuma ya kinywa hadi P na wenzake midomoni, kila sauti kavu ikifuatwa na ile yenye pumzi. Kisha ndipo waifungue programu, waisikilize kwa bidii, na kitabu cha nahau kiwe pembeni.

Na idara zetu za lugha, ambazo hazikosi wajuzi, zitoe kijitabu chembamba cha Kihindi kwa Waswahili, chenye sauti hizo kwa mifano ya Kimvita, kanuni ya *ne*, na daraja tatu za heshima, kiuzwe kwa bei ambayo mwanafunzi anayesubiri viza yake ataimudu.